Mutu wa Kuketi Nyuma

Kasongo, tarehe 12 mwezi wa 7, 1954

Mudogo wangu Véronique,

Barua hii usiisome ukiwa umesimama. Tafuta kivuli, keti, nyoosha miguu. Mama amenitumia habari kwa mudomo wa Gaston, yule dereva wa kamyo ya pamba, kwamba siku hizi harufu ya samaki inakufukuza jikoni. Hakusema neno lingine, na mimi siongezi. Nilifurahi mpaka nikatia chumvi mara mbili katika sombe, na Baba Heri akala bila kulalamika.

Huku tuko wazima, tumechoka tu. Heri anakimbia na kuanguka kila siku pahali pamoja. Nuru anaota meno na hataki kukaa ila mugongoni mwangu. Baba yao anafundisha shule ya misioni asubuhi na muchana, na akirudi nyumbani anakuta mimi pia natoka kufundisha. Ndiyo, umesoma vizuri. Mimi Sidonie, niliyeishia mwaka wa tano katika shule ya watawa, masera wetu, nafundisha Wazungu.

Ilikuwa hivi. Mama Mukubwa wa masera aliniita baada ya misa. Alisema wageni watatu wamefika kutoka Ulaya, hawajui hata kuomba maji, na wiki saba zijazo lazima waanze kazi. Alitaka mutu wa kuwapa Kiswahili cha nyumbani, si kile cha katekisimu. "Wewe unasema sana," akaniambia, "tangu ulipokuwa mutoto." Nikajibu ndiyo, Mama. Unanijua, mbele ya Mama Mukubwa sina neno lingine.

Wanafunzi wangu ni hawa. Masera Célestine, mutu muzima, fundi wa kushona. Anaandika kila kitu, hata nikikohoa anashika kalamu. Wa pili homa ilimushika siku ya tatu, hatujamuona tena. Na Mademoiselle Louise. Huyu si masera, ni mukunga, musichana wa miaka yako, anacheka kabla hujamaliza kusema. Tunakaa barazani kwa masera, ubao juu ya kiti, Nuru mugongoni akivuta nywele zangu.

Sasa sikia neno lililofanya nishike kalamu leo. Mademoiselle Louise atapelekwa kwenye maternite, nyumba mupya ya kuzalia inayojengwa upande wenu, njia ya Wamaza. Kwenu, Véronique! Tangu yaya wetu Régina, dada mukubwa wetu sisi wawili, afe akizaa katika nyumba ya mavyala wake, mama wa mume, niliapa kwamba wewe hutazaa namna ile. Kumbe Mungu ameniletea mukunga mpaka barazani. Kila neno ninalomupa, nawaza siku yako.

Kula vizuri. Samaki achana naye, kula karanga.

Yaya wako,
Sidonie


Nyumbani, njia ya Wamaza, tarehe 1 mwezi wa 8, 1954

Yaya wangu mupenzi,

Nilicheka mpaka Michel akaacha jembe kuja kuuliza kuna nini. Nikamusomea. Akasema, "Shemeji Sidonie anafundisha Wazungu? Basi mbuzi wangu nao waende shule." Usimukasirikie mume wangu, ndivyo anavyokusifu.

Yaya, nakuandikia kwa sababu naogopa, na hapa siwezi kumuambia mutu. Mavyala wangu hataki kusikia habari ya maternite. Anasema ameshika watoto wote wa ukoo huu kwa mikono yake miwili, na Mademoiselle wako bado ananuka maziwa. Michel hasemi upande wa mama yake wala upande wangu, anaangalia tu paa.

Na mimi najiuliza jambo moja. Wewe unajua desturi yetu. Kwetu mwanamuke wa uchungu hasemi. Anauma pembe ya kikwembe, nguo yake ya kujifunga, ananyamaza, na yule anayeketi nyuma yake na kumushika mugongo ndiye anawaambia watu: sasa imekaza, sasa imelegea, leteni maji. Mademoiselle anayajua hayo? Mimi nitakuwa kimya, na yeye ni mugeni. Nani atasema kati yetu?

Niambie ukweli, yaya, si maneno ya kunituliza. Anasema vizuri? Anatusikia? Ukiniandikia ndiyo, nitakwenda kwake, hata kama mavyala atanuna mwaka mzima. Nangoja neno lako tu.

Mudogo wako,
Véronique


Kasongo, tarehe 16 mwezi wa 8, 1954

Mudogo wangu,

Barua yako ilifika imeloa mawese. Gaston anaapa si yeye.

Somo letu la sasa tunaliita Mugonjwa na Mukunga. Natandika mukeka barazani, nalala. Nuru namupa Masera Célestine, naye anamubeba kama kikombe cha misa. Mademoiselle Louise anapiga magoti pembeni na daftari lake.

"Hodi, mama."

"Karibu, Mademoiselle."

"Unaumwa?"

"Naumwa, Mademoiselle."

"Unaumwa wapi?"

"Mugongoni na chini ya tumbo."

"Maumivu iko mengi?"

"Kidogo tu, bado saa nyingi."

Namujibu upesi upesi tupate kwenda mbele, maana siku zinakwisha. Tena nikikawia pale chini usingizi utanichukua kweli. Usicheke. Ni pahali pekee ninapolala muchana tangu Nuru azaliwe. Juzi Heri alinikuta nimenyooka hivyo, akakimbia hadi kwa baba yake akilia, "Mama anakufa kwa Wazungu!"

Kila somo likiisha Mademoiselle anauliza, "Mwalimu, nasema vizuri?" Nami najibu, "Ndiyo, Mademoiselle, vizuri sana." Ningesema nini? Mutu ametoka mbali, anatoa jasho juu ya maneno yetu, utamuambiaje usoni kwamba amekosa? Tena mutu mwenyewe Muzungu.

Jumapili Masera Célestine alikwenda kuyajaribu masomo. Alimusimamisha Dominique katekista mbele ya kanisa, watu wote wanasikia, akamuuliza, "Bwana, muke wako iko na mimba ya miezi mingapi?" Dominique akaangalia viatu vyake. Watu wakaangalia juu kama wanatafuta mvua. Masera akarudi kwangu.

"Sikusema vizuri? Hakujibu."

"Mulisema vizuri, Masera."

"Labda masikio yake yanaumwa?"

"Labda, Masera."

Tangu siku hiyo akimuona Dominique anapaza sauti kama mutu anayeita mutumbwi ng'ambo ya Lualaba, na maskini Dominique anapita nyuma ya kanisa.

Habari ya kuketi nyuma nitamueleza Mademoiselle. Kuna wiki mbili bado.

Umeniomba ukweli. Ndiyo, Véronique. Anasema vizuri. Nenda kwake.

Yaya wako,
Sidonie


Maternite, tarehe 17 mwezi wa 10, 1954

Mwalimu wangu Sidonie,

Mimi nafika salama. Njia mubaya, kamyo inalala ndani ya matope siku mbili, mimi nalala ndani ya kamyo. Sasa niko na nyumba ndogo na vitanda sita. Watu wema. Wananipa kuku kila siku, mimi nachoka na kuku.

Nafanya kazi kama wewe unanifundisha. Nasema Hodi, nasema Unaumwa wapi. Wanawake wa hapa wananishangaza. Kwetu mwanamuke akizaa analia, anaita mama yake, anatukana mume wake. Hapa wako kimya. Nauliza: unaumwa? Wanasema hapana. Nauliza: kidogo? Wanasema kidogo. Nilifikiri, wanawake hawa Mungu amewapa mwili mwingine. Niliandika hivi kwa mama yangu.

Kila mwanamuke anakuja na mama muzee. Muzee anataka kupanda kitanda, kuketi nyuma yake. Hii si safi. Mimi natoa wazee wote inje, nafunga mulango kwa upole.

Sidonie, sasa nakuandikia kitu kingine. Siku nne zimepita, mwanamuke anafika, jina lake Marie-Thérèse. Namuuliza. Maumivu iko mengi? Anasema kidogo. Wewe siku zote ulisema: kidogo tu, bado saa nyingi. Basi nakwenda kula. Saa saba ya muchana narudi. Mutoto ameshazaliwa, iko chini, kitovu kimezunguka shingo. Nafanya yote ninajua. Hakulia. Nafanya tena. Hakulia.

Bibi yake alikuwa inje ya mulango. Asubuhi yote anasema, anasema, anagonga ubao. Nilifikiri anaomba kuingia tu. Alikuwa anasema nini?

Kwa nini Marie-Thérèse hakunijibu ukweli? Wewe ulinijibu siku zote. Au mimi nasema vibaya? Sasa wanawake wawili tu wamekuja tangu siku ile. Vitanda vinne iko bure.

Louise


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa 11, 1954

Mademoiselle Louise,

Barua yenu ilikaa kwenye kikapu changu siku kumi. Niliisoma, nikafua nguo, nikaisoma, nikapika, nikaisoma. Mwisho nilimupa Baba Heri. Akakunja uso.

"Utajibu nini?"

"Nitajibu ukweli."

"Sidonie, usiandikie Muzungu kwamba amekosa. Mimi niko na kazi ya misioni, na watoto wawili wanakula juu ya kazi hiyo."

"Simuandikii kwamba amekosa. Namuandikia kwamba mimi nimekosa."

Amewasha taa mwenyewe na kuniwekea kwenye meza, basi naandika.

Mademoiselle, Marie-Thérèse alijibu kama wanawake wetu wote wanavyojibu. Mimi ndiye sikujibu kama wao. Pale barazani nililala kwenye mukeka nikajibu kila neno, maana ilikuwa somo tu, tumbo langu lilikuwa tupu, na nilitaka mufurahi. Niliwafundisha kuongea na mwanamuke asiyekuwako. Katika nchi hii nzima hakuna mwanamuke wa uchungu anayejibu namna ile isipokuwa Sidonie barazani kwa masera.

Wetu hasemi maumivu yake. Si kwamba haumwi. Anaona haya mbele ya mutu wa heshima, na ninyi muko mutu wa heshima. Anayeketi nyuma yake ndiye anasema kwa ajili yake. Anasikia kwa kifua chake na mikono yake kila kitu kinachopita katika mugongo ule. Bibi wa Marie-Thérèse hakuwa anaomba kuingia. Alikuwa anawaambia kwamba mutoto anakuja.

Nasikitika kuwaandikia hivyo. Ningeweza kuficha. Lakini nimeficha ya kutosha. Desturi hii niliijua, mudogo wangu aliniandikia juu yake kabla hamujaondoka, nami nilimuahidi nitawaeleza. Sikuwaeleza. Niliona haya kutoa mambo ya ndani ya wanawake wetu mbele ya daftari, na kila siku nilisema kesho.

Basi somo ni hili, na safari hii sikilizeni mwalimu wenu. Muzee anawe mikono kwa sabuni mbele yenu, mumupe nguo safi, halafu aingie. Mumuamkie yeye kwanza, kabla ya mugonjwa, kwa jina la mama wa fulani. Musimuulize mugonjwa, muulizeni muzee. Muangalie vidole vya miguu vya mugonjwa. Vikikunjamana, uchungu umekaza, hata kama mudomo unasema hapana. Akiacha kujibu salamu, musiende kula. Na mutoto akishatoka, kazi ya muzee haijakwisha. Akisema mugongo unakuwa baridi, muache yote, hata mutoto, mumuangalie mama. Hilo la mugongo nililijua pahali ambapo sitaki kuandika.

Uliniuliza kama unasema vibaya. Nisameheni, nimeandika "uliniuliza" kama kwa mudogo wangu, na karatasi ni moja tu. Kila siku niliwaambia munasema vizuri sana. Haikuwa kweli. Munasema kidogo, na mara nyingi munakosa. Nilipaswa kuwaambia siku ya kwanza.

Mudogo wangu Véronique atazaa mwanzo wa mwezi wa pili. Yeye pia nilimuambia munasema vizuri. Juu ya neno langu hilo atakuja kwenu.

Mwalimu wenu,
Sidonie


Nyumbani, tarehe 21 mwezi wa 11, 1954

Yaya,

Siandiki salamu nyingi. Habari ya mutoto wa Marie-Thérèse imefika mpaka visimani. Wanasema Muzungu alimufungia bibi inje, akaenda kula kuku. Mavyala wangu hakusema "nilikuambia". Ingekuwa afadhali angesema. Alichukua tu mukeka wake mupya, ule wa rangi, akaupeleka nyumba ya nyuma, akaanza kunifagilia pahali pa kuzalia.

Nilikuomba ukweli, si maneno ya kunituliza. Wewe uliandika: anasema vizuri, nenda kwake. Kama hukujua, kwa nini uliandika? Na kama ulijua?

Mutoto anacheza sana. Usiku anapiga mateke mpaka Michel anaamka kuomba samahani, anafikiri ni mimi.

Sitakwenda maternite.

Véronique


Kasongo, tarehe 8 mwezi wa 12, 1954

Mudogo wangu,

Umenikasirikia, na uko na haki. Nilijua. Nilijua Mademoiselle anaokota neno hapa na pale, nikaandika ndiyo, kwa sababu ndiyo ni nyepesi na nilikuwa nimechoka. Hayo nimeshamuandikia yeye mwenyewe. Bado hajajibu.

Lakini kuna ndiyo nyingine ambayo hujui, na kama nataka uniamini tena, lazima nikupe hiyo kwanza.

Unakumbuka siku ya Régina wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulipelekwa kwa shangazi. Mama alikuwa na homa. Mutu aliyeketi nyuma ya Régina alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mutoto alikuwa ametoka tayari, amekufa, wanawake wakamufunika, wakaanza kumulilia mutoto. Mimi nilibaki nimemushika Régina. Mugongo wake ulikuwa moto kifuani kwangu kama chungu, halafu ukaanza kuwa baridi. Pole pole, toka chini. Mavyala wake, unamukumbuka na sauti yake, akauliza kutoka mulangoni, "Huyo vipi?" Nikasema, "Vizuri, mama." Akauliza tena, kwa hasira, kama mutu aliyejibiwa vibaya. Nikasema, "Ndiyo, mama, vizuri." Nilikuwa nasikia baridi, Véronique. Sikujua maana yake, lakini nilijua si vizuri. Niliogopa kumupa mutu mukubwa habari asiyoitaka.

Miaka saba sijamuambia mutu, hata Baba Heri. Nilisema Régina aliuawa na nyumba ile, na mukeka ule, na umbali wa lopitali. Ndiyo maana nilikusukuma kwa Mademoiselle kama mutu anayelipa dhambi yake kwa tumbo la mwenziwe.

Sasa nakuambia kama yaya wako, na hii si ya kunituliza mimi wala kukutuliza wewe. Usibaki nyumbani. Mavyala wako anajua mambo ambayo Mademoiselle hajui, lakini damu ikishuka, mikono yake miwili haina dawa, na Mademoiselle yuko nayo katika sindano. Mademoiselle naye yuko na sindano lakini hajui wakati. Unawahitaji wote wawili katika chumba kimoja. Nenda na mavyala. Abebe mukeka wake wa rangi, autandike juu ya kitanda cha Wazungu kama anataka. Akiambiwa atoke, akatae. Muonyeshe barua hii, musomee hata habari ile ya Régina.

Na wewe, piga kelele. Najua ni aibu. Piga kelele wasikie mpaka Wamaza. Aibu hiyo waiandike kwa jina langu.

Nuru ametembea jana, hatua tatu, akaketi akajipigia makofi.

Yaya wako, hata ukikataa,
Sidonie


Kasongo, tarehe 23 mwezi wa 1, 1955

Véronique,

Gaston anasema muto umejaa, kivuko kimekatika, kamyo zote zinalala huku. Barua hii naituma na wafanyabiashara wanaokwenda kwa miguu. Hii ni ya tatu tangu Noeli. Wewe hujajibu, Mademoiselle hajajibu.

Sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba kila asubuhi nikifunga Nuru mugongoni nasimama kwanza, nasikiliza kama yuko moto.

S.


Maternite, tarehe 13 mwezi wa 2, 1955

Mwalimu Sidonie,

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja ilinifanya nilie na nikasirike. Nilikasirika wiki mbili. Nilisema, kwa nini sasa? Halafu nilikwenda kwa bibi wa Marie-Thérèse. Nilimuamkia kwanza. Niliketi chini. Yeye alipika saa moja nzima, amenipa mugongo. Halafu alinipa mihogo. Nilikula yote.

Siku hizi nimeweka pipa la maji na sabuni inje ya mulango, na nguo nyeupe mbili kwa wazee. Wanazipenda nguo. Moja imeshapotea.

Tarehe 6, asubuhi, mudogo wako anafika kwa kipoyi, wanaume wanne wanabeba, mume wake anakimbia nyuma na kuku. Mama mukwe wake, Mama Michel, anafika mbele ya wote na mukeka kichwani. Ananiangalia toka miguu mpaka kichwa. Mimi naamkia: Mama Michel, karibu, uoge mikono. Anaoga polepole sana. Anaingia, anatandika mukeka juu ya kitanda changu safi, anaketi nyuma. Mimi nasogea, namuachia nafasi.

Véronique alipiga kelele. Sidonie, sijasikia kelele namna hii hata kwetu! Wagonjwa wengine walitoka kuangalia. Mama Michel alifunika uso kwa haya, lakini hakumuambia anyamaze. Alikuwa anasema: imekaza, imelegea, bado, sasa. Mimi nilifuata sauti yake. Saa nane muchana mutoto alitoka, musichana, analia vizuri.

Sasa sikia. Nilikuwa nafuta mutoto, nafurahi, nimewapa mugongo. Véronique alikuwa amenyamaza. Niliuliza, uko vizuri? Akasema, "Vizuri, Mademoiselle." Kelele yote ile, halafu anasema vizuri! Na Mama Michel, nyuma yake, alisema kwa sauti ndogo: "Mugongo unakuwa baridi."

Nilimuweka mutoto juu ya meza. Damu ilikuwa inajificha chini ya kikwembe. Nilipiga sindano, nilikanda tumbo, Mama Michel alishika miguu juu. Muda mrefu. Kisha Mama Michel alisema: "Unarudi." Nilimuuliza nini kinarudi. Akasema: "Moto."

Yeye sasa anakula, ananicheka. Mutoto ananyonya. Naweka barua yake ndani ya hii.

Mwalimu, sasa niambie. Nasema vizuri?

Louise


(ndani yake)

Yaya,

Niko hai, naandika nimelala. Wanasema kelele zangu zilitawanya mbuzi wa chefu wa kijiji. Michel anasema mbuzi hao sasa wamesoma.

Jina tulitaka kumupa Régina. Mavyala amekataa kabisa, anasema mutoto aanze na jina lisilo na machozi. Basi anaitwa Victorine. Baadaye ndipo Michel akaniambia Victorine ni jina la ubatizo la mavyala mwenyewe.

Habari ya Régina sijui bado nikuambie nini. Mavyala nilimusomea barua yako yote. Kesho yake alitoa mukeka nyumba ya nyuma akauweka karibu na mulango wa mbele, tayari kwa safari. Na siku ile, nilipoegemea kifua chake, niliwaza kifua chako. Miaka kumi na saba ni midogo, yaya. Siku nyingine nitaandika mengi.

V.


Kasongo, tarehe 1 mwezi wa 3, 1955

Mademoiselle Louise,

Nilisoma barua yenu nimesimama njiani, mbele ya kamyo, nikaketi hapo hapo chini. Gaston alidhani nimepata msiba, akaanza kuvua kofia. Baba Heri ameisoma, akaenda kumusomea Dominique katekista, na Dominique alikuwa amejificha nyuma ya kanisa kwa sababu ya Masera Célestine, basi wakaisoma huko huko pamoja.

Kwa Mama Michel mupeleke salamu zangu, na kipande hiki cha sabuni. Muambieni sina neno la kumupa, na yeye atajua.

Sasa mumeniuliza.

Hapana, Mademoiselle. Bado. Hodi yenu ni ya mutu anayefukuza kuku. Munachanganya jana na leo, na mugonjwa hatajua kama munamuuliza juu ya uchungu wa sasa au wa mwaka jana. Mumuite Mama Michel "bibi wa Victorine", atafurahi zaidi. Karatasi yenu nairudisha ndani ya bahasha hii, nimeandika makosa kwa pensili pembeni; yamejaa pande zote, musikate tamaa. Yale ya tarehe 6 sikuyagusa.

Mama Mukubwa ananiambia mutakuja Kasongo kwa Pasaka. Njooni mapema asubuhi, kabla watoto hawajanichosha. Mukeka uko pale pale barazani. Safari hii mutalala ninyi. Mimi nitakuwa nyuma yenu, Masera Célestine atauliza maswali, na hata akiuliza namna gani, ninyi musijibu.

Mwalimu wenu,
Sidonie